Ukungu wa Robo ya Nne

Kabla sijasema lolote tuelewane: sikuwa nazimia. Siku hizi watu wakisikia habari yangu wananishika mkono kwa huruma, "Pole mwaya, kumbe ulikuwa unazimia uwanjani," na mimi nakasirika palepale. Sijawahi kuzimia. Nilikuwa naingia kwenye ukungu, na huko kwenye ukungu nilikuwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu Karatu nzima. Anayebisha aje tuongee.

Ulikuwa unakuja robo ya nne, mechi ikiwa imebana. Kwanza kelele zinaondoka. Hazikatiki ghafla, zinasogea mbali taratibu: watoto wanaoshangilia, filimbi ya refa, bodaboda za barabarani, vyote vinahamia upande wa pili wa kilima. Halafu kingo za uwanja zinakuwa nyeupe. Halafu miguu inapoteza uzito. Wasichana wa timu pinzani wanaanza kwenda polepole, polepole mno, unaweza ukawahesabu vidole, na mimi naona kila kitu kabla hakijatokea. Huyu atageuka kulia. Yule atachelewa. Mpira utadondokea pale. Narusha. Sisikii ringi, sisikii chochote, naona tu wenzangu wamefungua midomo na mikono iko juu, ndipo najua umeingia.

Tuliuita ukungu kwa sababu sisi ni watu wa Karatu, sasa tungeuita nini? Mwezi wa sita asubuhi unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, unafunika mashamba ya ngano, unaingia mpaka mjini. Ng'ombe unawasikia kengele tu, wenyewe huwaoni. Kwetu Endamarariek, ambako mama analima mpaka leo, unafika umechoka kidogo lakini unafika. Tumekulia ndani yake. Nilipomweleza rafiki yangu ninavyojisikia mechi ikikaribia kuisha, tukiwa kidato cha tatu, alinitazama akasema, "Aa, basi wewe unaingia ukungu," na jina likabaki.

Rafiki yangu huyo ndiye alikuwa mchezeshaji wetu. Baba yake ni Mrangi wa Kondoa mwenye duka la rejareja karibu na soko. Alikuwa mfupi, mbishi, anacheza na mtandio uliobanwa kwa pini na suruali ndefu ya michezo, na mdomo wake haukuwa na likizo. "We mlingoti, inama nikuone sura!" Mimi nilimzidi kichwa na mabega. Yeye ndiye aliyejua kunisoma. Mimi nikishaingia sikuwa na habari ya kumwambia mtu, lakini yeye alinitazama usoni mara moja tu akajua. Hapo anapaza sauti, "Ukungu!" na timu nzima inajua la kufanya. Wengine wanawavuta mabeki pembeni, yeye ananiletea mpira, basi, kazi imekwisha.

Kocha wetu, mwalimu wa hesabu, aliuweka ubaoni. Kweli kabisa, sitanii. Alichora uwanja kwa chaki, akaandika herufi U katikati, akachora mishale yote inaelekea kwenye U. Akatuambia timu nyingine zina mbinu za kusoma vitabuni, sisi tuna ya kwetu. Tukapiga makofi.

Uwanja wenyewe ulikuwa sakafu ya saruji nyuma ya madarasa, imepasuka katikati na nyasi zimeota kwenye ufa. Ringi ilichomelewa na fundi wa gereji aliyezoea kuchomelea bampa za magari ya watalii, akakosea kipimo, ikawa ndogo kuliko inavyotakiwa. Hatukujua. Tulifundishwa kulenga pale, tukienda kucheza kwa watu tunaona goli lao kubwa kama beseni. Wapinzani wakadhani tuna dawa.

Mechi ninayoiota mpaka leo tulicheza Sale, mbali huko ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro. Tulipanda gari la shule alfajiri, tukazunguka juu ya kreta kwenye baridi, tukashuka upande wa pili kwenye nyanda ndefu zisizo na mti, vumbi likatufanya wote rangi moja. Tulilala njiani tunaimba, tukaamka tunaimba. Sale kuna joto na milima imekaa kimya pande zote. Uwanja wao ulikuwa wa udongo uliopigwa maji ukashindiliwa, na mbuzi walikuwa wanakatiza bila kuomba ruhusa. Wasichana wa kule walicheza peku na walikimbia, jamani, walikimbia mpaka nikamtukana kocha kimoyomoyo kwa kutuleta. Robo ya nne walikuwa mbele. Ndipo ukungu ukaja mwingi kuliko siku zote. Nilimwona mbuzi mmoja mweupe amesimama chini ya goli, anatafuna, na sikumwona mtu mwingine yeyote. Nilirusha kila mpira ulionifikia, kila mmoja juu ya kichwa cha yule mbuzi. Mechi ilipoisha nilikuwa nimekaa chini sijui nimekaaje, rafiki yangu ananimwagia maji kichwani huku anacheka na kulia. "Hujala vizuri wewe," akasema, akanipa soda. Tulishinda. Wenyeji walitupikia wali na nyama ya mbuzi, na nikasali asiwe yule.

Baada ya msimu ule kikaja chuo kimoja cha Arusha. Walisema wamesikia habari zangu, wako tayari kunisomesha nicheze timu yao, na mwenye kipaji huko anaweza kuitwa timu ya taifa. Mama alipiga vigelegele shambani peke yake. Baba, ambaye ni dereva wa watalii na si mtu wa maneno mengi, alinunua raba mpya akaziweka kitandani kwangu bila kusema kitu. Wakati ule nilikuwa na kitu kimoja tu duniani, na ndicho kilikuwa kinanipeleka mbele. Kilichobaki ni kupimwa afya, jambo la kawaida, kila mchezaji mpya anapimwa.

Nikaenda na baba hospitali kubwa. Wakanibandika waya kifuani. Wakaangaliana. Wakaniambia nihamie chumba kingine, nikapakwa mafuta ya baridi ubavuni, nikauona moyo wangu kwenye kioo unafungua na kufunga, na nilidhani unapendeza. Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mwanangu. Wewe ukicheza, kuna wakati unasikia kizunguzungu? Unaona giza?"

"Hapana daktari," nikasema. "Mimi naona ukungu." Na kwa vile nilikuwa najivuna, nikamweleza yote. Kelele zinavyoondoka, kingo zinavyokuwa nyeupe, watu wanavyokwenda polepole, ninavyojua mpira utadondokea wapi. Nikamweleza mpaka mbinu ya ubaoni. Nilimweleza vizuri maana nilifikiri anataka kujua kwa nini mimi ni hodari.

Daktari aliweka kalamu chini. Akamtazama baba, akanitazama mimi. Akasema msuli wa moyo wangu ni mnene kuliko unavyotakiwa, nimezaliwa nao hivyo, na nikikimbia sana njia ya damu inabanwa, damu haifiki kichwani vya kutosha. "Huo ukungu, mwanangu, ndiyo damu imekosekana. Moyo ulikuwa unakaribia kusimama. Watu wengi wenye hali yako hawapati nafasi ya kusimulia." Nitapewa dawa za kila siku. Nitaweza kutembea, kusoma, kufanya kazi isiyo nzito. Nikiutunza moyo vizuri, nitaishi. Lakini mpira basi, kuanzia saa ileile.

Nilichouliza mimi kilikuwa hiki: "Kwa hiyo nilikuwa sijui kucheza?"

"Hilo silijui," akasema. "Mimi ni daktari wa moyo."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu hakikuwa hata nguoni, kilikuwa ndani ya mbavu, na mimi nilikuwa nakishangilia. Chuo kilituma pole kwa simu. Baba aliendesha kutoka Arusha mpaka Karatu bila kuwasha redio. Nyumbani mama alinikumbatia, akanung'unika kwa Kiiraqw maneno aliyokuwa ananiambia nikiwa mtoto na homa, na mimi nikawa mkali kwa kila mtu. Nilimfokea mama. Nilimfokea kuku. Raba mpya nilizitupa juu ya dari, na zilivyo ngumu kupanda dari, fikiria hasira yenyewe.

Rafiki yangu nilimkuta dukani kwao, anapima sukari. Nilimweleza kwa kifupi, maana nilikuwa nimechoka kueleza. Alikuwa anamimina kwenye mfuko huku ananisikiliza, na nilipofika kwenye ukungu mkono wake haukusimama, mfuko ukajaa, sukari ikamwagika juu ya mizani na kaunta na miguuni kwake. Mteja aliyekuwa anasubiri akasema, "He! Binti!" Yeye hakumsikia.

"Midomo yako ilikuwa inakuwa ya kijivu," akasema. "Hivyo ndivyo nilivyokuwa najua. Midomo ikiwa ya kijivu, nakuletea mpira."

"Sawa, ndiyo mchezo."

"Kila ukitaka kufa, mimi nakupa mpira. Nawaita na wenzangu tukupe mpira!"

"Usinianzie," nikamwambia. "Aliyeumwa ni mimi." Nikatoka. Nilikuwa sina nafasi ya kubeba kilio cha mtu mwingine, nilikuwa na changu bado sijakimaliza.

Wiki chache baadaye gari la dereva mwenzake baba liliharibika chini kwenye kreta, na baba alitakiwa kumpelekea kipuri mapema. Akanigongea mlango. "Vaa koti, mama. Twende." Huwezi kuamini, nimekulia kwenye miguu ya Ngorongoro, baba kila siku anashusha Wazungu na Wachina kule chini, na mimi nilikuwa sijawahi kushuka. Ndivyo tulivyo watu wa Karatu. Tunaosha magari yanayotoka kreta, tunawauzia ndizi waliotoka kreta, kreta yenyewe tunaisikia tu.

Juu kabisa, pale magari yanaposimama watu watazame, hapakuwa na kitu cha kutazama. Ukungu ulikuwa umejaa kreta yote mpaka ukingoni. Baba akazima injini. Tukakaa. Matone yalikuwa yanashuka kwenye kioo, na mahali fulani Wamasai walikuwa wanapita na mifugo, kengele zikaja, zikazunguka gari, zikaenda. Sikuona mtu wala mnyama. Nilifungua mlango nikasimama nje nikasikiliza moyo wangu, nikatamani ukungu ule mwingine, ule wa kwangu, na machozi yakanitoka.

"Wageni wanaupenda huu," baba akasema nyuma yangu. "Wanashuka wanapiga picha, wanasema wako mbinguni. Mimi hapa ndipo magoti yananitetemeka. Kila siku. Sijamwambia mtu."

"Nao hawajui?"

"Watajuaje? Mimi ndiye ninayejua barabara inaishia wapi." Akakohoa. "Nilikuja kukuangalia ukicheza. Ile ya mwaka jana pale shuleni. Nikaona unavyopaa. Nikajisifu kwa madereva wote, mwanangu yuko mbinguni." Baba hajawahi kulia mbele yangu na siku ile pia hakulia, ila alifuta kioo cha gari kwa kiganja kwa muda mrefu kikiwa kisafi.

Jua lilipopanda, ukungu ulianza kuchanika. Kwanza tukaona ziwa, kipande chake tu, limening'inia peke yake bila kingo. Kisha kipande cha majani ya njano. Kisha sakafu yote ikajitokeza chini yetu, pana, kimya, na wanyama wadogo kama punje za mtama zilizomwagwa. Tukashuka taratibu. Chini tulipita karibu na nyati mmoja mzee, amejaa matope, pembe zimechakaa, yuko peke yake kabisa. Baba akasema hao ni wale waliotoka kundini, hawana tena nguvu za kushindana.

"Sasa anafanya nini huku peke yake?"

"Anakula majani," baba akasema. "Unataka afanye nini?"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Arusha, na nilichukia kwamba nimecheka. Tulimpa mwenzake kipuri, tukanywa chai kwenye kifuniko cha chupa tukiwa tumeegemea bampa, na mchana kutwa nilizunguka na gari mle ndani kama ninaota, flamingo kule, vumbi la pundamilia huku. Nilirudi nyumbani nimetulia. Nikameza dawa zangu bila kutukana. Mama akamwambia jirani, "Amepona." Haya.

Nikaanza kwenda tena uwanjani. Kocha alinipa filimbi. Alikuwa amefuta ile herufi U ubaoni, lakini chaki haikutoka yote, na hakuweza kunitazama machoni. Akiniambia jambo anaongea na filimbi. Niliamua niwe msaidizi wake, na nilikuwa mkali, wasichana waliniogopa kuliko yeye. Niliona nimemaliza, nimekubali.

Kumbe wapi. Siku moja jioni kocha aliitwa ofisini kwa mkuu wa shule, akasema tuendelee na mechi ya mazoezi. Mmoja wa timu yetu ya kwanza alikuwa amewahi kwao kuvuna maharage. Timu ikawa na pengo. Nikaweka filimbi kwenye benchi.

"Nasimama tu chini ya goli," nikasema. "Sikimbii."

"Kaa chini," rafiki yangu akasema.

"We nani, mama yangu?"

Wenzetu wakacheka, wakaanza. Na kweli nilisimama. Nilisimama kwa adabu zote, nikapokea pasi, nikarudisha pasi. Halafu mpira mmoja ukagonga ringi ukaruka kuelekea kati, na mwili haukuniuliza. Nilikimbia. Nikarudi nikakimbia tena. Saruji ilikuwa ya moto chini ya raba, jua linazama nyuma ya msitu, na mimi nimerudi, jamani, nimerudi mahali pangu! Nilisikia kelele zinaanza kusogea mbali. Watoto wa jirani wakahamia upande wa pili wa kilima. Kingo zikawa nyeupe. Ulikuwa mtamu. Siwezi kudanganya, ulikuwa mtamu kuliko zamani, ulinipokea kama mtu wa nyumbani, na nikasema moyoni, kama ni kufa, mbona hakuumi?

Rafiki yangu alikuwa na mpira. Akanitazama usoni. Nikamwona ananiona. Nikainua mkono.

Na kwa vile kwenye ukungu naona mambo kabla hayajatokea, niliiona pasi. Niliona anainama kidogo, mkono wa kulia unakunjuka, mpira unakuja chini chini unaruka mara moja kwenye ufa unanifika kiganjani. Niliiona kabisa. Haikuja. Aliukumbatia mpira tumboni kwa mikono yote miwili, akapiga magoti kwenye saruji, akaulalia. Wenzetu walidhani ameumia, wakasimama.

"Nipe mpira," nikasema.

"Sikupi."

"Nipe mpira!" Nilimwendea, nikamvuta bega, nikavuta mtandio, nikamwita mchawi, mfupi mwenye kijicho, nikamwambia alikuwa anasubiri siku hii tangu kidato cha tatu. Mikono yangu haikuwa na nguvu hata ya kumgeuza. Miguu ikakataa, nikakaa palepale mbele yake, napumua kwa mdomo, moyo unapiga ovyo, na kelele zikaanza kurudi moja moja, bodaboda, watoto, wasichana wanaoita kocha. Yeye alikuwa bado ameulalia mpira.

"Nitakuchukia maisha yangu yote," nikamwambia.

Akainua uso. Ulikuwa umejaa vumbi na machozi na kamasi, na hakuufuta, maana angeufuta angeuachia mpira.

"Nichukie," akasema. "Nichukie mpaka uzeeke, mlingoti wewe. Hicho ndicho ninachotaka."